Vigae vya zamani kwenye besimenti: usiguse kabla hujajua

Ukiinua zulia kuukuu la besimenti (chumba cha chini ya ardhi) katika nyumba iliyojengwa Marekani au Kanada kabla ya miaka ya 1980, ukakuta chini yake vigae vidogo vya mraba, inchi 9 kwa 9 (kama sentimita 23), vyenye michirizi ya rangi mfano wa marumaru, acha kwanza. Usiking'oe hata kimoja. Kuna uwezekano mkubwa kwamba vimechanganywa na asbesto.

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tunaijua asbesto juu ya paa: shule za zamani, nyumba za watumishi wa serikali. Huku iliwekwa hata sakafuni. Ni madini yenye nyuzi nyembamba zisizoungua, na watengenezaji walizichanganya na lami, baadaye na plastiki aina ya vinili, ili kigae kiwe kigumu na kidumu. Ukubwa wa inchi 9 ni dalili tu, maana vipo pia vya inchi 12 vyenye asbesto. Na jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: gundi nyeusi iliyo chini ya kigae mara nyingi nayo ina asbesto. Unaweza kung'oa vigae vyote kwa uangalifu mkubwa, kisha ukaharibu kila kitu kwa kupiga msasa ile gundi.

Kigae kizima kilichotulia mahali pake hakimdhuru anayekikanyaga, kwa sababu nyuzi zimeshikwa ndani yake. Balaa huanza kinapovunjwa, kukatwa, kukwanguliwa au kusagwa. Vumbi lake huwa na nyuzi zisizoonekana kwa macho, nazo zikivutwa hukaa mapafuni. Huleta saratani ya mapafu, mesothelioma (saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo), na asbestosisi, yaani mapafu kuwa na makovu hadi pumzi inakuwa shida. Hutahisi chochote siku hiyo. Ugonjwa huchukua miaka 10 hadi 40, pengine zaidi, kujitokeza. Kwa mvutaji sigara hatari ya saratani ya mapafu huongezeka maradufu na zaidi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza huwashangaza watu: kama vigae ni vizima, viacheni. Tandikeni sakafu mpya juu yake, ile ya mbao za kubana zisizohitaji misumari, au zulia lisilogundishwa. Ila chunguzeni unyevu kwanza. Besimenti inayovuja hubandua vigae chini kwa chini, na kufunika sakafu yenye maji ni kuficha tatizo. Kisha andikeni mahali kwamba chini kuna vigae vya zamani, karatasi ikae pamoja na hati za nyumba, ili fundi atakayekuja baada ya miaka 15 asitoboe bila kujua.

Hakuna anayeweza kuitambua asbesto kwa kutazama, hata mimi. Hupimwa maabara kwa hadubini, na kigae na gundi hupimwa kila kimoja peke yake. Sampuli ichukuliwe na mtu aliyesomea kazi hiyo. Mkiamua kuving'oa, tafuteni kampuni yenye leseni ya asbesto katika jimbo lenu, na isiwe ile ile iliyopima: anayelipwa kuondoa ana sababu ya kukuambia ipo. Baadhi ya majimbo humruhusu mwenye nyumba aliyemo ndani aifanye kazi hiyo mwenyewe, lakini kwa masharti, na taka zake haziendi kwenye pipa la kawaida. Hulowanishwa, hufungwa kwenye mifuko mizito yenye alama, na kupelekwa dampo linalozipokea. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii nyuzi hizi.

Je, vimeshavunjika? Usifagie. Usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, kwa kuwa nyuzi hupita kwenye kichujio chake na kurushwa hewani upya. Toa watoto, kisha zima mfumo wa hewa ya joto. Hapa nasisitiza, maana katika nyumba nyingi za huku tanuri la kupasha nyumba joto liko humo humo besimenti, na feni yake itasambaza vumbi hadi vyumba vya kulala. Funga mlango na umwite mtaalamu. Kama ni kigae kimoja tu kimemeguka pembeni, kinyunyizie maji, kiokote kwa kitambaa kilicholowa, weka vyote kwenye mfuko na uufunge, kisha uliza idara ya taka ya mji wenu uupeleke wapi.

Neno kwa ndugu zetu wanaofanya kazi za usafi na ubomoaji, na ni wengi. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inamtaka mwajiri achukulie kwamba sakafu yoyote ya vinili au lami iliyowekwa kabla ya 1981 ina asbesto, mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo. Inakataza kuipiga msasa, na mashine ya kuondoa nta ya zamani isizidi mizunguko 300 kwa dakika, sakafu ikiwa imeloweshwa. Msimamizi akikupa chuma cha kukwangulia na kukuambia “vua tu hivyo vigae haraka,” una haki ya kuuliza majibu ya maabara. Mpangaji naye amwandikie mwenye nyumba akiona vigae vinameguka, na abaki na nakala.

Ukiwa huko chini, inua pia macho. Mabomba ya tanuri la zamani mara nyingi yamefungwa kitu cheupe kama bendeji iliyokauka. Kikiwa na asbesto, hicho ni hatari kuliko vigae, kwa sababu hupukutika kwa kuguswa tu. Usitundike nguo juu yake, na mtoto asichezee karibu, hadi kipimwe.