Siasa kali za kushoto na za kulia: dini husimama wapi?

Swali hili hutufikia kwa sura mbili. Wapo wanaouliza kwa nini watu wa dini huishia mrengo wa kulia kila siasa inapochacha, na wapo wanaouliza kwa nini wanamapinduzi wa mrengo wa kushoto hawakosi ugomvi na Mungu. Wote wameona jambo la kweli, ila kila mmoja ameona upande wake tu. Historia ya miaka mia mbili na ushei inaonyesha dini ikipigwa na siasa kali, ikitumiwa nazo, na mara nyingine ikisimama kuzizuia.

Majina yenyewe yalianzia kwenye viti. Mwaka 1789 wajumbe wa Bunge la Ufaransa walipobishana kama mfalme apewe kura ya turufu, waliomtetea walikaa kulia kwa mwenyekiti, waliompinga wakakaa kushoto. Tangu hapo kulia kumehusishwa na mila, mamlaka na taifa, na kushoto na usawa na mabadiliko. Hakuna ukali katika hayo peke yake. Mtu anaweza kutaka ardhi yote igawanywe upya, au sheria za ndoa zirudi zilivyokuwa enzi za babu yake, na akabaki mwanasiasa wa kawaida. Mradi akubali kushindwa kwenye kura, aheshimu mahakama, na asimnyime mpinzani wake haki ya kuwepo. Ukali huanza pale masharti hayo yanapotupwa.

Mizani hiyo imewahi kutumika kisheria. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Magharibi ilikipiga marufuku chama cha Sozialistische Reichspartei mwaka 1952, chama kilichorithi fikra za Wanazi, kisha mwaka 1956 ikakifunga Chama cha Kikomunisti. Swali lilikuwa lilelile kwa vyama vyote viwili: je, chama hiki kinakusudia kuubomoa mfumo wa kidemokrasia? Mwaka 2017 mahakama hiyo ilikikuta chama cha NPD cha mrengo wa kulia kikiwa na nia ya namna hiyo, ikakataa kukifunga kwa sababu hakikuwa na ubavu wa kuitimiza. (Hukumu ya 1956 inabishaniwa hadi leo, na mimi ni miongoni mwa wanaoona adhabu ilizidi hatari yenyewe.)

Tuanze na kushoto. Novemba 1793, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris liligeuzwa Hekalu la Akili. Robespierre, mmoja wa viongozi wa mapinduzi hayo, aliyeona ukana Mungu umepita kiasi, aliongoza Juni 1794 sherehe kubwa ya kumtukuza Aliye Mkuu, ibada mpya iliyobuniwa na dola. Mwezi uliofuata naye akakatwa kichwa. Urusi ya Kisovieti ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 5 Desemba 1931 Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi, Moscow, lililipuliwa kwa baruti ili pajengwe kasri la Wasovieti lenye sanamu ya Lenin, mwasisi wa dola hiyo, juu yake. Kasri halikujengwa. Miaka ya sitini mahali pale palikuwa bwawa la kuogelea la wazi, na kanisa likajengwa upya na kuwekwa wakfu mwaka 2000. Katika miaka hiyo yote, mwili wa Lenin ulikuwa umelazwa umetiwa dawa usioze, na watu wakipanga foleni kwenda kuutazama. Dola iliyodhihaki masalia ya watakatifu ilikuwa imejitengenezea ya kwake.

Halafu Vita vya Pili vya Dunia vikaibana dola hiyo. Septemba 1943 Stalin, mtawala wake, aliwaita Kremlin maaskofu wakuu watatu wa Kiorthodoksi na kuwaruhusu wamchague patriaki, yaani mkuu wa kanisa lao. Hakuwa ameongoka. Aliwahitaji waumini kama askari na kama wazalendo, na kanisa lililoruhusiwa kupumua lilipumua chini ya uangalizi wa vyombo vya usalama. Albania ya kikomunisti ilichagua njia fupi: mwaka 1967 ilifunga misikiti na makanisa yote. Kambodia chini ya wakomunisti wa Khmer Rouge, kati ya 1975 na 1979, iliwavua watawa wa Kibudha mavazi yao na kuwaandama Waislamu wa kabila la Cham, ndani ya utawala uliosababisha vifo vya watu kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili.

Upande wa kulia mara nyingi huikaribisha dini sebuleni. Hispania ni mfano mgumu, kwa sababu hofu ya waumini haikuwa ya kubuni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1936, mapadri, watawa na maaskofu karibu 7,000 waliuawa katika maeneo yaliyokuwa ya upande wa Jamhuri, yaani serikali ya mrengo wa kushoto, wengi katika miezi ya mwanzo. Julai 1937 karibu maaskofu wote wakatoa barua ya pamoja ya kumuunga mkono Jenerali Franco, aliyeongoza uasi dhidi ya Jamhuri. Anayetaka kuelewa kwa nini dini huangukia mikononi mwa siasa kali za kulia aanzie hapo: watu waliochomewa makanisa hawakawii kumkubali anayeahidi kuwalinda, na hawaulizi sana atawafanya nini wengine. Franco aliendelea kutawala hadi kifo chake mwaka 1975, na magereza yake yalijaa.

Romania haikuhitaji hofu kubwa kiasi hicho. Mwanasiasa Corneliu Codreanu alianzisha mwaka 1927 Jeshi la Malaika Mkuu Mikaeli, chama kilichochanganya sala, chuki dhidi ya Wayahudi na bastola. Mwishoni mwa 1933 watu wake walimuua Waziri Mkuu Ion Duca.

Ujerumani ndiko tunakoona waumini wakigawanyika mchana kweupe. Vatikani ilitia saini mkataba na serikali ya Hitler Julai 1933. Miongoni mwa Waprotestanti likatokea kundi la wafuasi wa Hitler lililojiita Wakristo wa Kijerumani, ambalo lilitaka wachungaji wenye asili ya Kiyahudi waondolewe. Baadhi yao walitaka hata Agano la Kale litupwe. Mei 1934 wapinzani wao walikutana katika mji wa Barmen na kutangaza kwamba kanisa halina bwana mwingine zaidi ya Kristo. Lilikuwa tamko la ujasiri. Hata hivyo halikusema lolote kuhusu mateso ya Wayahudi, na hapo ndipo ninaposita kila ninapolisifu: walilitetea kanisa kwanza, jirani akasubiri. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliyekuwa amezungumzia suala hilo tangu 1933, alinyongwa na Wanazi Aprili 1945, majuma machache kabla vita havijaisha Ulaya.

Kuna nadharia inayosema kushoto na kulia zikizidi hukutana, kama ncha mbili za kiatu cha farasi. Inasaidia kueleza mbinu: adui anayesingiziwa kila baya, kiongozi asiyekosea, gazeti lililofungwa. Haielezi malengo wala wahanga. Anayeua kwa jina la tabaka na anayeua kwa jina la damu hawachagui watu walewale, na jamii inayojilinda inahitaji kujua nani yuko hatarini. Wanachofanana zaidi ni kutovumilia mamlaka nyingine juu ya dhamiri ya mtu. Ndiyo maana dini haiachwi ijikalie: huvunjwa, au hupewa cheo na mipaka.

Dini nazo hutoa watu wao wa siasa kali, wasiosukumwa na dola yoyote. Hapo kuna jambo ambalo umma huwa hauligundui: adui wa kwanza huwa ni mwenzao. Gandhi, kiongozi wa harakati za uhuru wa India, aliuawa Januari 1948 na Mhindu mwenzake, aliyemwona amewapendelea Waislamu. Rais Anwar Sadat wa Misri aliuawa Oktoba 1981 na wanajeshi Waislamu baada ya kufanya amani na Israeli. Waziri Mkuu Yitzhak Rabin wa Israeli aliuawa Novemba 1995 na Myahudi aliyepinga makubaliano yake na Wapalestina. Watatu hao walihukumiwa kama wasaliti kabla ya kuuawa, na hukumu hiyo ilitembea midomoni mwa watu muda mrefu kabla ya risasi.

Linganisha pia makasisi wawili wa Amerika ya Kusini na ya Kati ambao wote waliumizwa na umaskini wa watu wao. Camilo Torres, padri na mwanasosholojia wa Kolombia, aliacha kazi ya altare, akajiunga na waasi wa mrengo wa kushoto na kuuawa katika mapigano Februari 1966. Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador alibaki mimbarini. Tarehe 23 Machi 1980, katika mahubiri yaliyorushwa redioni, aliwaambia askari kwamba hakuna anayelazimika kutii amri inayopingana na sheria ya Mungu, akawaamuru waache ukandamizaji. Kesho yake alipigwa risasi akiadhimisha misa, na mkono wa vikosi vya mauaji vya mrengo wa kulia ukabainika. Waliomchukia walimwita mkomunisti. Alikuwa amelaani pia utekaji na mauaji yaliyofanywa na waasi, lakini hilo halikumsaidia.

Je, mafundisho ya dini ndiyo yanayomwingiza kijana kwenye siasa kali? Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti uliohoji karibu watu 500 waliokuwa wamejiunga kwa hiari na makundi ya Afrika kama Al-Shabaab na Boko Haram. Asilimia 57 walikiri kwamba walielewa maandiko ya dini yao kidogo sana au hawakuyaelewa kabisa. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma kuchukua hatua ya mwisho. Takwimu hizi haziifutii dini lawama zote, maana makundi hayo huajiri kwa lugha yake. Zinatuonya tu dhidi ya kudhani kwamba kufunga madrasa au shule ya Biblia ni dawa.

Kinachobaki ni namna ya kupima maneno. Mpango wa Rabat, uliokamilishwa mwaka 2012 chini ya Umoja wa Mataifa, unataka mambo sita yaangaliwe kabla kauli haijaitwa uchochezi: mazingira, hadhi ya msemaji, nia yake, maudhui na mtindo wa kauli, upana wa hadhira, na uwezekano wa madhara. Ndiyo sababu sentensi ileile, “watu hawa hawana nafasi hapa,” huwa na uzito tofauti ikitamkwa na mlevi barazani na ikitamkwa na mhubiri mwenye vipaza sauti siku mbili kabla ya uchaguzi. Kauli kali dhidi ya serikali, hata ikitoka mimbarini, haiwi uchochezi kwa ukali wake tu. Na ukiona inafaa kuripoti, peleka rekodi yote pamoja na tarehe na mahali. Kipande cha sekunde kumi kilichokatwa na mtu usiyemjua hakimwezeshi mpelelezi kujibu hata moja kati ya maswali hayo sita.