Radhi ya mama katika hadithi na filamu

Stesheni ya Kigoma, siku ya safari. Kijana ana begi mgongoni, ndoo ya dagaa imefungwa kwa kamba, kidumu cha mawese kimeviringishiwa khanga kuukuu kisije kikavuja kwenye mizigo ya watu. Mama yake hana maneno mengi. Anamweka sawa ukosi wa shati. Anamwita "baba", kama alivyomwita tangu utotoni, kwa sababu kijana amerithi jina la babu yake mzaa mama. Halafu anasema: "Nenda, baba. Radhi zangu unazo." Kijana, aliyekuwa akizungukazunguka pale kama mtu aliyesahau kitu, sasa anapanda behewa.

Nami niliambiwa hivyohivyo nilipoondoka mara ya kwanza kwenda kusoma Tabora. Nililipokea neno lile kama mtu anavyopokea nauli, bila kujiuliza limebeba nini. Nilikuja kujiuliza baadaye sana, nilipoanza kufundisha fasihi na kuona kwamba hadithi nyingi tunazozipenda za mama na mwanawe wa kiume zimesimama juu ya neno hilo moja.

Radhi ni neno lililotoka Kiarabu, na shina lake ni kuridhika. Kwetu limeota matawi. Ukiwa radhi kufanya jambo, umelikubali kwa moyo. Ukimwomba mtu radhi, unataka moyo wake uliochafuka utulie. Radhi ya mzazi inachukua maana zote hizo na kuongeza yake: ni hali ya moyo wa mzazi kuwa mweupe juu ya mtoto, na imani kwamba weupe huo humfuata mtoto huko aendako, ukamfungulia riziki na kumkinga na mabaya. Baraka unaweza kupewa na mtu yeyote mwenye nia njema, hata mzee uliyempisha kiti kwenye daladala. Radhi hutolewa na yule unayedaiwa naye. Na deni la mama halina hesabu ya kufunga: mimba, uchungu, maziwa, usiku wa homa. Ndiyo maana mama aliyeumizwa sana hushika titi lake akaapia maziwa aliyokunyonyesha, na watu wazima waliokaa barazani wote wakanyamaza.

Neno lenyewe pia hugeuka. Mtoto akimjibu mama yake kwa ufedhuli huambiwa "utapata radhi", na hapo maana yake ni laana. Wahenga walilimaliza kwa ukali zaidi: mwana mtukana nina, kuzimu enda kiona, yaani anayemtukana mama yake huenda kuzimu akiona.

Lakini mbona nasema mwana wa kiume, kwani binti hana mama? Anaye, ila fasihi yetu imempa binti hesabu nyingine. Mwana Kupona binti Msham, alipomwandikia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimwambia kwamba mja anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume, na hii ya tano ndiyo aliyoisisitiza. Mwanamume hana hiyo ya tano. Hakuna aliyemwandikia wasia wa kutafuta radhi ya mkewe. Kwa hiyo mwanamume anaweza kuwa jemadari, tajiri au jambazi, na bado duniani akabaki mwanamke mmoja tu ambaye neno lake linaweza kumwinamisha. Watunzi wamelijua hilo zamani. Ukitaka kumwonyesha shujaa akiwa uchi bila ngao, mlete mama yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Fumo Liyongo, katika utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale ya Pate, kisiwa cha Lamu, na mwambao wake. Liyongo amefungwa pingu gerezani na mfalme anayemwogopa. Kila siku mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na kila siku walinzi wanakula kile kizuri, wakimwachia kile wasichokitaka. Liyongo anamtuma Saada kwa wimbo: mama atengeneze mkate wa wishwa, yaani pumba, na ndani yake aweke tupa. Walinzi wanauona mkate wa makapi, wanaucheka, wanampitishia. Usiku, ngoma zinalia nje kwa nguvu, yeye anakereza minyororo.

Utazame huo mkate. Mama hatoi hotuba hata moja. Anachukua kitu kinyonge kuliko vyote jikoni na kukifanya chombo cha uhuru wa mwanawe, akijua wenye nguvu hawataona haya kukidharau. Hiyo ndiyo radhi ikiwa kazini, kabla haijawa maneno.

Baadaye Liyongo anauawa na mtoto wake mwenyewe wa kumzaa, aliyerubuniwa na mfalme, kwa sindano ya shaba kitovuni. Anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anakufa akiwa hivyohivyo. Watu wanamwona, wanadhani yu hai na ana hasira. Mji mzima unakosa maji. Nani atathubutu kumsogelea? Wanamwendea mama yake. Mama anakwenda kumbembeleza mwanawe atulie, mwanawe ambaye amekwisha kufa na yeye hajui. Siku zinapita mpaka mwili unapoanguka. Kila nikifika hapo darasani sauti yangu inashuka, na wanafunzi wanajua. Tazama pia jinsi mtunzi alivyozipanga nasaba mbili katika hadithi moja: mama aliyemtia mwanawe tupa mkononi ili aishi, na mwana aliyechukua sindano ili baba yake afe.

Wanafunzi wa vyuo wakirudi likizo huja na Freud. Huyo ni daktari wa Vienna aliyechukua kisa cha Oedipus, mfalme katika tamthilia ya Kigiriki ya Sophocles, aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake bila kuwajua. Akajenga juu yake nadharia kwamba mtoto wa kiume hubeba moyoni tamaa ya kummiliki mama na wivu juu ya baba. Nadharia hiyo ina mahali pake. Ukisoma riwaya ya D. H. Lawrence ya mwaka 1913, Sons and Lovers, utamwona Paul Morel akishindwa kumpenda mwanamke yeyote kwa moyo mzima muda wote mama yake yu hai, na Freud atakusaidia kiasi fulani. Filamu ya Hitchcock, Psycho, ya mwaka 1960, imepeleka jambo hilohilo hadi kwenye ugonjwa. Lakini kumsoma Liyongo kwa macho ya Freud ni kumnyima mama ule mkate wake. Swali la hadithi zetu ni deni, na nani ana haki ya kulidai.

Filamu zilizotufundisha swali hilo hapa Ujiji zilikuwa za Kihindi. Tulizitazama kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, magunia madirishani, jasho, na kaka mmoja pale mbele akitutafsiria kwa kubahatisha. Deewaar, ya mwaka 1975, sikuielewa lugha yake, nikaielewa yote. Ndugu wawili, mmoja ametajirika kwa magendo, mwingine polisi. Yule tajiri anamhesabia mdogo wake alivyo navyo: majengo, fedha benki, nyumba, gari. Wewe una nini? Mdogo anajibu: mimi nina mama. Kibanda kizima kilipiga makofi, na humo walikuwamo vijana wavuvi ambao wasingekubali kuonekana wakilia mbele ya watu.

Kinachoifanya filamu ile iwe kubwa ni kwamba mama anampenda zaidi yule mhalifu. Siku mdogo anapotoka kwenda kumkamata kaka yake, mama anamwombea mkono wake usitetemeke atakapopiga risasi. Kisha anakwenda hekaluni kumsubiri mwanawe mkubwa, na huko ndiko anakofia, mapajani mwake. Radhi amempa mmoja, mapenzi ameyabakiza kwa mwingine. Kabla ya hapo, mwaka 1957, Mother India ilikuwa imekwenda mbali zaidi: Radha anampiga risasi mwanawe Birju kwa mkono wake mwenyewe anapomteka binti wa watu, halafu anampakata akifa. Hapo unajifunza kwamba radhi inaweza kusimama upande mmoja na moyo upande wa pili, ndani ya kifua cha mwanamke mmoja.

Filamu zetu za Bongo zimeshika zaidi upande mwingine wa neno hili, ule unaouma. Mama mkwe anahamia kwa mwanawe mjini, hampendi mke, na kila akishindwa hoja anatoa silaha ya mwisho: "Ukimchagua huyo, radhi zangu huna." Mwana anasimama sebuleni mikono imening'inia. Naziheshimu filamu hizo kuliko wanavyoziheshimu wakosoaji wengi, kwa sababu mambo hayo yapo, na nimeyaona yakivunja nyumba za watu ninaowafahamu. Lawama yangu ni moja tu. Mara nyingi mama anatiwa ubaya mtupu, na hatuonyeshwi deni alilokuwa akilidai. Tungeonyeshwa hata dakika moja ya yule mama akichoma mihogo usiku kulipa ada, tungewaonea huruma wote watatu, na mkwe angekuwa na kazi ngumu zaidi ya kumchukia.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliionyesha dakika hiyo mapema kabisa. Riwaya yake ya Weep Not, Child, ya mwaka 1964, inaanza na Nyokabi akimuuliza mwanawe Njoroge kama angependa kwenda shule. Anamwambia ukweli: sisi maskini, chakula cha mchana hutapata. Anamtaka asije siku moja akamwaibisha kwa kukataa kwenda. Mtoto anaahidi. Kurasa zote zinazofuata, vita, kifo cha baba, kufukuzwa kazi, mapenzi yaliyokwama, zinaikanyaga ahadi ile mpaka inabaki vumbi. Mwishoni Njoroge yuko chini ya mti gizani na kamba. Anasikia sauti ikimwita. Ni mama yake, na kijinga cha moto mkononi cha kumulikia njia. Hamuulizi shule imeishia wapi. Hamlaani. Anataka tu warudi nyumbani. Njoroge anatembea nyuma yake akijua kwamba ameshindwa tena, kisha anakimbia kutangulia, kwenda kuwafungulia mlango mama zake wawili, Nyokabi na mke mwenzake.