Faiba Haifungwi kwa Tepu

Kila mvua za Machi zinapoanza, simu zinazoingia ofisini kwetu hubadilika. Januari na Februari watu huuliza bei na kasi. Mvua ikishapiga wiki mbili, swali ni moja tu: kwa nini laini ya mtandao inakuja na kupotea? Safari hii malalamiko yamezidi. Tulipoanza kufungua makasha ya viungo, pale nyuzi za faiba zinapoungwa, moja baada ya jingine, tuligundua kwamba mvua inasingiziwa. Maji yaliingia, ndiyo, lakini yaliingia pale ambapo fundi aliacha mlango wazi.

Nimeombwa niandike kwa Kiswahili, na naona ni sawa. Vikundi vya mafundi kati ya Malaba na Kampala, na wale wa Gulu na Arua, huelewana kwa lugha hii wakiwa shimoni kuliko kwa lugha ya mkataba waliousaini. Faiba sitaieleza kwa kirefu: ni uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga. Anayeishika kila siku anajua, na asiyeishika atapata sehemu yake huko mbele.

Vijana wengi wanaonijia baada ya mafunzo huuliza: "Mzee, mashine nzuri ya splaisi, ya kuunga nyuzi, ni ipi?" Hutaja chapa, hutaja bei za Kampala, hutaja ya mtumba na mpya. Katika miaka yote hii sijaulizwa hata mara moja kuhusu kitambaa cha kufutia. Na kitambaa, yaani kile kisichotoa nyuzinyuzi, pamoja na kichupa cha alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99, ndivyo vifaa vinavyotenganisha kiungo cha miaka ishirini na kiungo cha msimu mmoja. Mashine ya mamilioni ikipewa uzi mchafu itakuungia uchafu, na itafanya hivyo kwa ustadi mkubwa.

Sehemu inayopitisha mwanga ndani ya uzi wa singomodi, aina ya faiba inayotumika kwenye laini za mbali, ina upana wa takriban mikroni 9. Unywele wa binadamu huwa karibu mikroni 70. Chembe ya vumbi letu jekundu la murram usiyoiona kwa macho inatosha kuziba njia yote.

Nitasimulia usiku mmoja ng'ambo ya Iganga. Kebo ilikatwa na greda, kikundi kikafanya kazi nzuri, na kwenye kiungo sikuona kasoro. Lakini mwanga uliofika chumba cha mitambo ulikuwa dhaifu. Fundi akaenda kwenye fremu ya kuunganishia, akachomoa pachi kodi, yaani waya mfupi wa faiba, akaipuliza kwa mdomo, fuu!, akaifuta kwenye shati, akairudisha. Pawa mita, kifaa cha kupima nguvu ya mwanga, ikasoma -24.6 dBm. Akaanza kulaumu kebo. Nikaitoa ile pachi kodi nikaiweka chini ya darubini ya kukuza mara 400. Katikati kulikuwa na duara za mate yaliyokauka, kama madoa ya maji kwenye kioo cha gari, na uzi wa shati umelala katikati ya njia kama gogo lililoanguka barabarani. Nilibofya kalamu ya kusafishia mara mbili, nikaangalia tena, nikachomeka. -21.9. Desibeli 2.7 zilikuwa zimeliwa na pumzi na shati, na kila desibeli 3 ni nusu ya mwanga. Kijana alinyamaza, kisha akaniuliza kalamu ile inauzwa wapi. Hilo ndilo swali ninalolitaka.

Kalamu hizo ziko za aina mbili kuu: ya milimita 2.5 kwa konekta (vichwa vya kuchomekea) za aina ya SC, FC na ST, na ya 1.25 kwa LC. Ukitumia isiyo yake unakwangua. Utaratibu ni kukagua, kusafisha, kukagua tena, ndipo uchomeke, na ukague pande zote mbili, kwa sababu konekta chafu huichafua safi iliyokutana nayo. Na tafadhali, konekta ya kijani haikutanishwi na ya bluu. Ya kijani imechongwa kwa mshazari wa digrii 8. Zitaingia, ndiyo, hata mguu huingia kwenye kiatu cha mwingine.

Spiriti ya zahanati ya asilimia 70 haifai, maji yaliyomo huacha utando. Wala waragi, ile pombe kali yetu, haifai. Nasema hivi kwa sababu nimeshamkuta fundi mwenye chupa ya waragi kwenye sanduku la vifaa, akaniambia inafanya kazi zote mbili.

Sasa kiungo chenyewe. Menya kwa stripa yenye tundu sahihi: koti la mikroni 250 liondoke, kioo cha mikroni 125 kibaki bila mkwaruzo. Futa mara moja kwa mwendo mmoja, usirudishe kitambaa nyuma. Kata kwa kliva, kifaa cha kukatia kioo, na ukishakata usifute tena wala usiguse ncha. Wengi hukata kwanza wakafuta baadaye, halafu wanashangaa. Mkato unatakiwa usizidi nusu digrii kutoka kwenye unyoofu. Kisu cha kliva kina nafasi nyingi za kuzungushwa, mara nyingi 16, lakini nimeona kliva zilizotumika miaka miwili juu ya nafasi ile ile ya kwanza. Vipande vya kioo viende kwenye chupa yenye kifuniko, visiachwe chini wala kwenye suruali. Kikiingia kwenye kidole hukioni, na kikiingia jichoni utakutana na daktari wa hospitali ya Mulago.

Mashine ya splaisi huyeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme kati ya elektrodi mbili, na cheche hiyo hutegemea hewa. Hapa nchini kwetu Uganda jambo hili lina uzito ambao vitabu vya mashine haviusisitizi: ufukwe wa Ziwa Albert uko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, Kampala karibu 1,200, Kabale inakaribia 2,000. Ukitoka Butiaba ukafungua mashine Kabale bila kupima cheche upya, utapata viungo vyembamba au vilivyovimba, utasema mashine imeibiwa vipuri. Kupima cheche kuko kwenye menyu, na huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Halafu ile namba ya mwisho kwenye skrini ya mashine, hasara ya desibeli 0.02 au 0.03. Hiyo ni makadirio. Mashine inaangalia picha ya ncha kwa kamera na kukisia. Haijapitisha mwanga wa laini yako. Mafundi hunitumia picha ya skrini kama ushahidi. Si ushahidi.

Hesabu ndogo itasaidia. Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80. Tuseme kebo zinakuja kwa drumu za kilomita 4, basi njiani kuna viungo 19. Kila kimoja kikipoteza desibeli 0.05, jumla haifiki 1. Kila kimoja kikipoteza 0.3, jambo ambalo fundi mvivu huliita "kidogo tu", jumla ni 5.7. Tofauti hiyo ya desibeli 4.75 maana yake ni kwamba Jinja inapokea thuluthi moja ya mwanga ambao ingepokea. Hakuna kiungo hata kimoja kilichokatika, na laini ni mbovu.

Ndiyo maana tunadai vipimo vya OTDR, kifaa kinachotuma mwanga ndani ya uzi na kuonyesha hasara iko umbali gani, na hapa niwe wazi kuhusu tunachokubali, kwa sababu kila wiki ninarudisha ripoti. Kila uzi upimwe kwa mawimbi ya mwanga ya nanomita 1310 na 1550. Kama hasara mahali fulani ni kubwa kwenye 1550 na ndogo kwenye 1310, hicho si kiungo kibaya, ni uzi uliopindwa mno ndani ya trei. Fungua kasha ulegeze. Laini yenye wateja hewani ipimwe kwa 1625 yenye chujio. Mbele ya kifaa kuwe na uzi wa kuanzia usiopungua mita 500, la sivyo konekta ya kwanza itafichwa na upofu wa kifaa chenyewe. Kielezo cha mwanga, yaani namba inayoonyesha mwanga unavyopunguza kasi ndani ya kioo, kiwekwe kama kilivyoandikwa na mtengenezaji wa kebo, kwa kawaida karibu 1.468. Ukiweka 1.478 kwa uzembe, kwenye kilomita 40 utakosea kwa mita 270 hivi, na vibarua watachimba shamba la mihogo la mtu asiye na hatia. Kumbuka pia kwamba uzi ndani ya kebo ni mrefu kuliko kebo, na kebo ni ndefu kuliko barabara kwa sababu ya mizunguko ya akiba. Umbali wa OTDR haupimwi kwa mita ya bodaboda.

Upimwe kutoka pande zote mbili. Upande mmoja unaweza kuonyesha hasara ya 0.25, na upande wa pili kuonyesha kwamba mwanga umeongezeka kwa 0.15. Hakuna mwanga uliozaliwa kwenye kiungo. Nyuzi mbili zinatofautiana kidogo tu katika kurudisha mwanga. Jumlisha kwa alama zake, gawa kwa mbili, utapata 0.05. Hiyo ndiyo namba yetu. Wastani ukizidi 0.1, kiungo kinarudiwa kwa gharama ya mkandarasi. Kikirudiwa mara tatu bila kufaulu, tunahitaji maelezo ya maandishi na jina la aliyekifanya. Cheti cha kalibresheni, yaani cha kuthibitisha usahihi wa kifaa, kisizidi mwaka mmoja. Faili ziitwe kwa jina la njia, namba ya uzi, upande na tarehe, kwa mpangilio huo. Malipo hayasainiwi kabla ya hapo, na kumpigia simu mhasibu hakusaidii, kwa kuwa mhasibu ananisubiri mimi.

Sasa wananchi. Najua hakuna anayeamka asubuhi akapanga kuwakatia majirani mtandao. Ila kuna mambo yanachosha.

Ndani ya kebo ya faiba hakuna shaba. Anayeikata kwa kuitarajia atapata kioo, plastiki, na nyuzi za manjano ambazo nimeona zikifungia mbuzi kwenye senta moja. Mnunuzi wa vyuma chakavu hazitaki. Lakini kukatwa mara moja, kama hakuna akiba karibu, kunadai kipande kipya na makasha mawili, moja kila ncha. Kebo ya nyuzi 48 ina maana ya viungo 96. Kila kimoja, ukihesabu kumenya, kufuta, kukata, kuunga na kupasha moto sliivu, ile mirija ya kukinga kiungo, ni kama dakika tatu. Hiyo ni karibu saa tano za mikono kwenye matope, bila safari.

Kuharibu miundombinu ya mawasiliano kwa makusudi ni kosa la jinai. Faini katika sheria zetu huandikwa kwa pointi za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000. Ukisikia pointi 50, hiyo ni shilingi milioni moja. Mwenye kebo anaweza pia kukudai gharama za ukarabati, nazo huhesabiwa kebo, makasha, gari, mafuta na posho ya usiku. Anayechimba mtaro, msingi au bomba la maji bila kuuliza hujiweka kwenye hesabu hiyo hiyo hata kama hakukusudia. Uliza kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kwa ofisi ya mhandisi wa wilaya, kisha utafute zege fupi zenye maandishi kando ya barabara, zinazoonyesha kebo inapopita. Hazikuwekwa kwa ajili ya kukalia.

Ukikuta kebo imekatika, usiivute, usiifunge kwa tepu, usichome taka chini yake. Nimeletewa ncha zilizofungwa kwa tepu nyeusi kwa unadhifu wa kuigwa, na mwanga hauvuki tepu. Unapotoa taarifa, taja namba ya nguzo au kituo cha kilomita; "karibu na duka la mama fulani" hutuchelewesha saa nzima. Na usichungulie ndani. Mwanga unaobeba data hauonekani, kwa hiyo kuona giza si dalili ya usalama. Ule mwekundu anaoutumia fundi kutafuta mpasuko ni wa tochi yake ya leza, nao usielekezwe machoni. Hausababishi utasa, hili nimeulizwa kwenye mikutano mitatu.

Nyumbani, taa nyekundu ya LOS, ile ya kusema mwanga haufiki, ikiwaka, kuzima na kuwasha kifaa hakuungi kioo. Angalia kama waya mwembamba umebanwa nyuma ya kabati au umekunjwa kama kamba ya kiatu. Ukiunyoosha taa ikazima, mshukuru Mungu. Isipozima, usichomoe konekta ukaigusa kwa kidole kisha ukairudisha. Kifaa cha kawaida cha nyumbani hupokea mwanga mpaka -27 dBm, na kwa wengi hakuna nafasi ya kumpa kidole chako desibeli mbili.

Kwa wakandarasi, nirudie jambo moja la utaratibu kwa sababu sanduku langu la barua limejaa. Faili za OTDR zije zikiwa za .sor, yaani faili zenyewe kama kifaa kilivyozihifadhi, kamili, pande zote mbili. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu usiku, kidole kikiwa kimefunika nusu ya grafu, na kutumwa kwa WhatsApp na ujumbe "boss, iko sawa", hairekodiwi popote.