"Zaidi" si kujumlisha kila mara

Watoto wengi hapa Goma wanashika kwamba wakiona neno "zaidi" kwenye problemu ya hesabu, ni kujumlisha tu. Sivyo jamani! Angalia hii: mama mmoja wa soko ya Virunga ameuza kilo 12 za sambaza (samaki wadogo wa ziwa), ni kilo 5 zaidi ya jirani yake, jirani ameuza ngapi? Mtoto anakimbilia 12 + 5, anapata 17, sasa jirani amemshinda mama mwenyewe, haiwezekani kabisa. Kwanza umuulize nani iko na nyingi, kisha jirani mumuite x na muandike vile sentensi inasema: x + 5 = 12, basi x ni 7. Plisi (alama ya +) iko, lakini iko upande wa jirani.