Je, Wajua? Kuvu Wanaishije Kwenye Tope la Mikoko Lenye Chumvi na Lisilo na Hewa

Maji yakipwa Mikindani, huku Mtwara, shuka mpaka mikoko inapoanzia, uokote jani lililolala topeni siku nyingi. Lilianguka likiwa la manjano, sasa ni jeusi, na ukilibana kwa vidole linakatika kama karatasi iliyolowa. Liinue juani: kati ya mishipa yake nyama imekwisha, mwanga unapenya. Nani kalila?

Wengi watasema kaa. Ni kweli kaa na tondo, wale konokono wa topeni, hula majani ya mikoko, na wapo kaa wanaoliburuta jani hadi shimoni likiwa bado jipya. Lakini jani jipya ni chakula kigumu. Lina tanini, ile ile inayofanya maganda ya mkandaa, aina mojawapo ya mkoko, yatie rangi na yatengeneze ngozi, na protini yake ni haba. Maji ya bahari huanza kwa kulisuuza tanini. Kisha, pamoja na bakteria, wanaingia kuvu, ndugu wa uyoga na wa ukungu wa mkate. Nyuzi zao, nyembamba kuliko unywele, hupenya ndani ya jani na kumwaga vimeng'enya vinavyovunja sehemu ngumu ambazo matumbo ya wanyama wengi hayaziwezi. Anayelila jani hilo baadaye anakula na kuvu ndani yake, na hapo ndipo protini inapoongezeka.

Sasa, chimba kidogo. Harufu ya yai viza inayokupiga ni gesi ya bakteria wanaoishi bila oksijeni. Kuvu walio wengi hawawezi hivyo, wanahitaji hewa. Basi wanakaa pale hewa inapofika: juu kabisa ya tope, kwenye magogo, na kando ya mizizi. Vile vijiti vya mchu, mkoko mwingine, vinavyochomoza topeni ni mizizi ya kupumulia. Huvuta hewa maji yakipwa, na kiasi chake huvuja kwenye tope linaloizunguka mizizi. Mashimo ya kaa nayo hufanya kazi hiyo. Pasua tope kando ya shimo moja uangalie: ukuta wa shimo una rangi ya kutu, na vidole viwili tu pembeni tope ni jeusi tii. Ile kutu ni alama ya oksijeni. Kwangu mimi hakuna kitu kizuri zaidi cha kumwonyesha mtoto ufukweni.

Chumvi ni shida nyingine. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye chembe hai, ndiyo maana papa akitiwa chumvi anakuwa ng'onda. Kuvu wa mikokoni hujaza chembe zao vitu kama gliseroli, ili maji yasiwatoke.

Na kuvu hawa wa mikokoni ni wa aina nyingi. Kwa nini? Kwa sababu tope hilo si mahali pamoja. Mlilana, mkoko ulio mbele baharini, hufunikwa na maji kila siku. Huko ndani kwenye mikandaa maji hufika wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, kisha jua huyakausha na chumvi hubaki. Kwenye mlango wa mto Ruvuma maji baridi huizimua. Kila hali ina kuvu wake. Wale wa kwenye magogo yaliyozama, baadhi yao spora zao, yaani chembe zao za kuzaliana, zina vimikia vinavyonasa kwenye mbao ili mkondo usizichukue. Topeni wamo pia wanaojulikana nchi kavu, kama Penicillium, jamii iliyotupatia dawa ya penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming London mwaka 1928.

Zamani wataalamu waliwajua wale tu waliokubali kuota kwenye sahani za maabara. Siku hizi huchukua gramu chache za tope na kusoma vinasaba vilivyomo, na hukuta vingi visivyolingana na kuvu yeyote mwenye jina.

Ndiyo maana naumia nikiona mikoko inafyekwa, iwe kwa boriti au kwa mashamba ya chumvi. Majani hayaanguki tena, mizizi inakufa, na hewa iliyokuwa ikishuka kwa mizizi hiyo inakoma. Watu huhesabu visiki. Waliokuwa chini ya visiki, wengine hata jina hawajapewa.