Spishi nyingi hazimaanishi eneo la kulindwa kwanza

Wengi huamini kwamba penye spishi nyingi za mimea ndipo pa kulinda kwanza. Hesabu hiyo haiangalii ukoo. Tuseme eneo moja lina spishi tatu zilizoachana kwa pamoja miaka milioni 2 iliyopita: jumlisha matawi yake kwenye mti wa ukoo, kila spishi tawi moja, upate miaka milioni 6 ya mageuko. Jingine lina spishi mbili tu zilizoachana miaka milioni 100 iliyopita. Jumla ni milioni 200. Ndicho kipimo alichopendekeza mwanabiolojia Daniel Faith mwaka 1992.

Eneo la Rasi (Cape) la Afrika Kusini, lenye takriban spishi 9,000 za mimea, ni mfano mzuri sana. Magharibi ndiko kwenye spishi nyingi, ila nyingi ni ndugu wa karibu, kama mamia ya zile za jenasi (kundi la spishi za karibu) ya vichaka vya Erica. Utafiti wa DNA uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa mashariki kuna utofauti wa koo mkubwa kuliko idadi ya jenasi zake inavyodokeza.

Tahadhari moja: sampuli nyingi hukusanywa kando ya barabara, hivyo ramani huweza kuonyesha walikopita wakusanyaji. Sawazisha kwanza idadi ya sampuli kwa kila eneo, ndipo ulinganishe.