Wino wa Nukta za Kwanta: Dhana Potofu Kuhusu Utando wa Kubadili Rangi

Nukta za kwanta, yaani fuwele za semikonda (nyenzo inayopitisha umeme kwa kiasi) zenye kipenyo cha nanomita chache tu, zimeandikwa sana tangu Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2023. Kinachoandikwa kwa nadra ni namna fuwele hizo zinavyogeuzwa kuwa wino unaoweza kuchapwa ndani ya pikseli za skrini. Humo ndimo zilimo dhana nyingi potofu, na karibu zote zina mzizi mmoja: imani kwamba sifa zilizopimwa ndani ya chupa ya maabara zitabaki vilevile wino ukishachapwa na kuganda.

Dhana: nukta hujiwakia zenyewe kwa umeme

Skrini za namna hiyo zipo katika utafiti, lakini si zile zinazouzwa madukani. Hata katika skrini za QD-OLED (zinazounganisha nukta na OLED, yaani vijitaa vya kikaboni vinavyowaka kwa umeme), ambazo Samsung Display ilianza kuzizalisha mwaka 2021, hakuna mkondo wa umeme unaopita ndani ya nukta. Tabaka la OLED hutoa mwanga wa buluu, nukta hufyonza mwanga huo, kisha hutoa wekundu au kijani. Pikseli ndogo ya buluu haihitaji nukta yoyote. Kwa hiyo mtengenezaji wa wino hashughuliki na upitishaji wa umeme. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi, unafyonzwa karibu wote ndani ya tabaka lenye unene wa mikromita 10 tu.

Dhana: nukta yenye ufanisi wa 90% itatoa utando wenye ufanisi wa 90%

Hii ndiyo dhana inayogharimu zaidi, kwa sababu namba yenyewe ni ya kweli, ila imepimwa mahali pengine. Ufanisi wa nukta, yaani sehemu ya fotoni (chembe za mwanga) zilizofyonzwa ambazo hutolewa tena, hupimwa katika myeyusho mwepesi sana, ambamo kila nukta iko mbali na mwenzake. Katika utando, yaani tabaka la wino lililoganda, nukta zimesongamana, na fotoni iliyotolewa na moja hufyonzwa na jirani yake kabla haijatoka nje. Chukua nukta zinazopoteza fotoni 10 katika kila 100: fotoni zikifyonzwa na kutolewa mara tatu, zitakazosalia ni takriban 73. Isitoshe, kila mara fotoni inapofyonzwa upya rangi husogea kidogo kuelekea wekundu, hivyo kijani kilichopangwa kwenye karatasi hakitakuwa kijani kitakachoonekana. Ongeza hapo mwanga unaonaswa ndani ya utando bila kutoka mbele, na utaona kwa nini mnunuzi makini huomba vipimo vya utando ulioganda, wala haridhiki na vya chupa.

Dhana: kiyeyushi chochote kinachoyeyusha nukta kinatosha

Nukta zikitoka kwenye usanisi huwa zimevikwa ligandi, yaani molekuli zinazoshika uso wa nukta, zenye mikia mirefu ya mafuta, kama vile asidi ya oleiki, na hutawanyika vizuri ndani ya toluini. Ni rahisi basi kudhani kwamba toluini yenye nukta tayari ni wino. Hesabu ndogo inakanusha. Ikiwa yabisi ni 5% tu ya ujazo, kisima cha pikseli kilichojazwa hadi mikromita 20 kitabaki na tabaka la mikromita 1 kiyeyushi kikishakauka, ilhali zinahitajika kama 10. Unaweza kujaza, kukausha na kujaza tena, lakini kila mzunguko hula muda na huacha nukta zikiwa zimerundikana pembezoni.

Ndiyo maana wino mwingi wa kazi hii hautumii kiyeyushi kabisa: nukta huchanganywa na monoma za akrilati, yaani molekuli ndogo za kimiminika ambazo zenyewe huungana na kugeuka polima (plastiki ngumu) chini ya mionzi ya urujuanimno, na karibu chote kilichochapwa hubaki. Gharama yake ni kwamba akrilati nyingi zina upolari (mgawanyo wa chaji ndani ya molekuli) usiopatana na mikia ya mafuta, hivyo ligandi hubadilishwa kwa nyingine zinazopatana na monoma. Mabadiliko hayo yakifanywa kwa pupa, uso wa nukta hubaki na mapengo na mng'ao hufifia. Wakati huohuo mnato unapaswa kubaki kati ya milipaskali-sekunde 5 na 20 hivi katika joto la kichwa cha printa. Wino mzito kuliko huo hautoki vizuri kwenye matundu, na mwepesi mno hutawanya vitone vidogo vinavyoangukia pikseli ya jirani.

Dhana: ukiongeza nukta, buluu haitavuja

Buluu inayopenya bila kubadilishwa itapungua, lakini mnato utapanda na fotoni zitafyonzwa upya zaidi. Njia yenye busara ni kuongeza chembe za titani dioksidi zinazotawanya mwanga, ili buluu izungukezunguke na kukutana na nukta nyingi zaidi kabla ya kutoka. Msaada huu ni muhimu hasa kwa fosfidi ya indiamu, ambayo hufyonza buluu kwa udhaifu kuliko selenidi ya kadimi. Kwa ujazo uleule, chembe hizo zina uzito wa takriban mara nne ya monoma, kwa hiyo bila kitawanyishi kizuri, yaani kemikali inayozizuia kushikamana, zitatuama chini ya tangi la wino. Hata hivyo buluu kidogo hubaki, na kichujio cha rangi juu ya pikseli ndicho kinachoimalizia.

Dhana: taa ya urujuanimno ni hatua ya kukamilisha tu

Nukta zenyewe hufyonza urujuanimno, hivyo zinakinyang'anya kianzishi, yaani kemikali inayoanzisha kuganda kwa monoma, mwanga kinaouhitaji, na sehemu ya chini ya tabaka huweza kubaki mbichi. Oksijeni ya hewani nayo huzuia uso usigande, ndiyo maana kazi hufanywa ndani ya nitrojeni. Kuzidisha kianzishi si dawa, kwa kuwa radikali zake, yaani vipande vya molekuli vilivyo tayari kuungana na chochote, zinaweza kushambulia uso wa nukta.

Dhana: wino usio na kadimi hauna madhara

Kanuni za Umoja wa Ulaya zinaweka kikomo cha kadimi kuwa 0.01% ya uzito wa kila nyenzo iliyo sawa kote ndani ya kifaa, na ndizo zilizosukuma viwanda kuelekea fosfidi ya indiamu. Lakini kiwanja hicho nacho kimewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la 2A, yaani vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Hatari iliyo karibu zaidi na mfanyakazi, hata hivyo, ni monoma za akrilati ambazo hazijaganda. Zikigusa ngozi mara kwa mara huzua mzio, na kwa kuwa hupenya glavu nyembamba, glavu iliyomwagikiwa wino hutupwa papo hapo.